Nani Anawe Kwanza

Mimi vitabu naviacha. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu wakisikia mtu anasoma sana wanamchukulia kama mtawa, kwamba akishafungua kitabu ameweka nadhiri. Mimi sina nadhiri. Nina duka dogo la madaftari na kutoa kopi pale Iringo, mjini Musoma, na asubuhi wateja wakiwa bado hawajaanza kuja nakaa nyuma ya kaunta na kitabu. Kikinishika, mteja anasubiri. Kisiponishika, mteja anahudumiwa upesi na anaondoka akisifu huduma.

Namna yangu ya kujua ni rahisi. Siku nikijikuta nafunua mwisho wa kitabu kuona zimebaki kurasa ngapi, najua nimeshakiacha, hata kama macho bado yanatembea kwenye mistari. Nakifunga hapo hapo. Sikitupi, nampelekea jirani yangu wa nyumbani, Kamunyonge, mwanamke anayefuga kuku na anayesoma chochote, hata karatasi za maelezo ya chanjo. Siku akikirudisha anasema, "Kizuri." Kwake vyote ni vizuri, na ndiyo maana sijawahi kumwomba ushauri.

Sikulelewa hivyo. Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, anaishi Butiama katika nyumba tuliyozaliwa, na sheria yake ilikuwa kwamba kitabu hakiachwi. "Umeshapakuliwa," alikuwa akisema, "kula." Mimi na mdogo wangu wa kiume tulimaliza kitabu kizima cha ufugaji wa nyuki, nyumbani kwetu hakuna hata mzinga mmoja, kwa sababu tu nilikuwa nimekifungua kuangalia picha. Mpaka leo nayajua mambo ya malkia wa nyuki ambayo hayajawahi kunifaa kwa lolote. Nilipoolewa na kupata paa langu, kitu cha kwanza nilichofanya kwa uhuru wangu ni kuacha kitabu katikati ya sura. Nilisikia raha ambayo sikuwahi kumweleza mtu.

Macho ya baba yaliondoka polepole. Hospitali walisema ni presha ya macho na kwamba tumechelewa. Kwanza aliacha kusoma masomo kanisani, kazi aliyoifanya Jumapili nyingi mno kiasi kwamba watoto wengine walidhani naye ni padre. Kisha akaacha gazeti. Mama alikuwa ameshatangulia, na aliyebaki naye pale nyumbani ni mke wa binamu yangu, anayempikia na kumwelekeza njia ya kwenda uani. Ndipo nikaamua kwenda kila Jumamosi kumsomea. Duka nilimwachia mume wangu, ambaye hajui bei ya kitu chochote.

Jumamosi ya kwanza nilikuta juu ya kigoda karibu na kitanda chake riwaya moja nene, jalada limefifia, katikati yake pamechomekwa unyoya wa kuku. Nikakichukua kile kitabu.

"Ndicho hiki, baba?"

"Ndicho hicho nilikuwaga nasoma, mama."

Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nikavuta kiti, nikafungua penye unyoya, nikaanza.

Ilikuwa riwaya ya mtu anayejenga nyumba. Mwandishi alikuwa na bidii kubwa, hilo simnyimi. Hakuna jiwe lililowekwa bila kutajwa lilikotoka. Msingi peke yake ulichimbwa sura tatu. Kulikuwa na mke, na huyo mke kila mara alikwenda kusimama mahali ambapo siku moja pangekuwa na dirisha, akawaza. Sikumbuki alichowaza. Kingekuwa kitabu changu, wakati huo jirani yangu angekuwa ameshaniambia ni kizuri. Lakini hakikuwa changu. Nilikuwa nampakulia baba, na mpakuaji hamwondolei mtu sahani.

Tena alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Kila Jumamosi kabla hatujaendelea alisema, "Rudia kidogo pale tulipoachia." Kidogo chake kilikuwa kurasa kadhaa, wakati mwingine sura nzima. Tukienda mbele, Jumamosi inayofuata tunarudi, hivyo kuta za ile nyumba zilikuwa zinapanda na kushuka. Niliona sababu zaweza kuwa mbili. Ama uzee umeanza kumsahaulisha, ama anakipenda kitabu hiki kupita kiasi. Ile ya kwanza ilinitisha, nikaamua kuamini ya pili.

Basi nikasoma. Yeye aliinamisha kichwa, mkono juu ya goti, mara anaguna "mh," mara anasinzia. Nikinyamaza anasema, "Endelea, nasikia." Jioni nikifika Makutano kusubiri gari la Musoma nanunua hindi la kuchoma na kulitafuna kwa hasira, hasira yenyewe ni ya mwandishi ambaye simjui na ambaye pengine ni mtu mwema. Mvua za vuli zilikuja zikaisha, mtama ukapandwa, na paa la ile nyumba lilikuwa bado.

Mdogo wangu anaishi Nyasura, Bunda, ana duka la vipuri vya pikipiki. Mtoto wake alipopata kipaimara nilikwenda. Wageni walipokwisha kuondoka tulibaki sisi wawili mezani na samaki, sato aliyekuwa amefichwa jikoni kwa ajili yangu, na ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama. Tukawa tunakula bila haraka.

"Dada," akasema, "kile kitabu mtamaliza lini?"

"Muulize mzee. Yeye ndiye anakirudishaga nyuma."

"Mzee amekichoka. Amekichoka kitambo."

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe. Anasemaga, dada yako anakipenda kile kitabu mpaka huruma. Mimi nikamwambia si umwambie muache? Akasema mgeni akiwa anakula hakatizwi."

Nikamwambia hawezi kuwa amekichoka, maana nilikikuta anakisoma, na unyoya ulikuwa ndani. Mdogo wangu akaweka tonge chini.

"Pale penye unyoya ndipo alipokiachia. Kabla hata hujaanza kwenda. Alikuambia anakisoma, au alikuwaga anakisoma?"

Hiyo -ga yetu tunaitia kila mahali kama chumvi, mpaka ulimi hauionji tena. Mtu aliyekuwaga anasoma ni mtu wa zamani, yeye na kitabu wameshaachana. Baba alikuwa amenieleza wazi, kwa lugha ya nyumbani kwetu, nami nikasikia kama msahihishaji wa mitihani anayefuta herufi mbili za mwisho. Mdogo wangu alicheka hadi akapaliwa.

"Mzee kuacha kitabu?" nikasema. "Mzee yule wa nyuki?"

"Anaacha vingi tu. Hasemagi ameviacha. Anasemaga amevipumzisha."

"Vingapi vimepumzika?"

"Rafu nzima."

Nami nilicheka, lakini neno jingine sikuweza kulicheka. Mgeni. Nimezaliwa katika nyumba ile, nimeikandika kwa mikono yangu kabla haijawekwa matofali, najua ni ubao gani wa mlango unalia. Ila ni kweli kwamba kwetu binti akishatolewa ng'ombe, akirudi ni mgeni. Anawekewa kiti. Anachinjiwa kuku ambaye zamani yeye ndiye angemkimbiza. Hakuna anayekusudia ubaya, na bado niliumia, tena nikiwa na tonge la ugali mkononi.

Nikaona basi kwamba mdogo wangu ameshiba. Alikuwa anamega vipande vidogo kabisa, anavichovya kwenye mchuzi, anavizungusha, havifiki mdomoni mpaka baadaye sana. Kwetu mwenye nyumba hanawi kabla ya mgeni. Akinawa mapema ni kama amemwambia mgeni inatosha, ondoka. Kwa hiyo hata akiwa ameshiba mpaka shingoni ataendelea kumega hivyo hivyo akisubiri.

"Umeshiba," nikamwambia.

"Wewe kula, dada."

Nikavuta bakuli la maji nikanawa. Alinawa kabla maji hayajakauka mikononi mwangu.

Njia nzima ya kurudi Musoma nililifikiria bakuli lile. Mimi nilijiona mwenyeji kwa sababu ndimi ninayesoma. Baba alijiona mwenyeji kwa sababu nyumba ni yake. Wenyeji wawili, mgeni hakuna, basi sahani haiondoki mpaka kunakucha. Lakini kama yeye ameamua kwamba mgeni ni mimi, na ameshalisema mbele ya mdogo wangu, basi kunawa ni juu yangu. Yeye hawezi. Neno lililoniudhi ndilo lililonipa ruhusa.

Jumamosi iliyofuata nilifika, nikaamkia, nikapewa uji. Baba alikuwa amekaa barazani. Akanyoosha mkono kuelekea nilipo, akasema kama kawaida, "Rudia kidogo pale."

Kitabu kilikuwa pajani mwangu. Sikukifungua.

"Baba, mimi nimeshiba."

Alielewa palepale, nilimwona usoni. Akageuza kichwa upande wangu.

"Umeshiba?"

"Kabisa. Nilishiba zamani."

"Mimi nilishiba kabla yako," akasema.

"Nimesikia."

"Mdogo wako ana mdomo."

Tulicheka kidogo, kila mtu kwa upande wake. Mke wa binamu yangu alikuwa anaanika mihogo juu ya jiwe, akatuangalia, akaendelea na kazi. Jambo lingeweza kuishia pale, na lingekuwa jambo la kuchekesha la kuwasimulia watu dukani. Lakini mimi nina ubishi, sipendi hesabu ibaki na kitu.

"Sasa kama hukipendi," nikamuuliza, "mbona ulikuwa unanirudisha nyuma? Ungeniacha nisome moja kwa moja kingekwisha."

"Ndiyo. Kingekwisha."

"Si ndiyo vizuri?"

Alisugua goti lake. "Kingekwisha, ungekuja kufanya nini huku, mama?"

Nilisikia uchungu, nao ulikuwa mwingi kuliko niliotarajia kuusikia nikiwa nimekaa na kikombe cha uji. Kumbe hakusahau kitu. Kila neno la kile kitabu alilisikia mara ya kwanza, na alikuwa analivumilia mara ya pili na ya tatu, ili Jumamosi ziongezeke. Mimi nahesabu kurasa ili zipungue, yeye anazirudisha. Na swali lake lilikuwa la haki. Baba na mimi hatujawahi kuwa watu wa kuzungumza. Yeye alizungumza na mama, mama akazungumza na sisi. Kama alifurahi nilipofaulu, mama ndiye aliyeniambia. Kama nilimkasirikia, mama ndiye aliyepeleka neno. Mama alipoondoka njia ile ikafungwa, na hakuna kati yetu aliyejua nyingine. Tulichokuwa nacho ni fundi wa kwenye riwaya na mawe yake.

"Nitakuja," nikasema.

"Haya," akasema, kwa sauti ya mwalimu aliyesikiliza ahadi za wanafunzi kwa maisha yake yote.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mikono mitupu, bila kitabu, na ilikuwa vigumu. Salamu zinaisha. Habari za ng'ombe zinaisha, ng'ombe wenyewe wamebaki wachache. Habari za mvua zinaisha, na hapo bado ni asubuhi. Kisha baba akaanza kusimulia kesi ya mpaka wa shamba na jirani ambaye alishakufa, nani alisogeza jiwe, nani alikuwa shahidi, shahidi alisema nini na alikuwa ametoka kunywa wapi. Ningesema ilinifurahisha ningekuwa mwongo. Haikuwa bora kuliko riwaya, na kwa upande wa mawe zilikuwa sawasawa. Nami nikamweleza jinsi mashine yangu ya kopi inavyokula karatasi. Alisema "mh," na najua "mh" ile.

Kuna watu huniambia kwamba anayeacha vitabu ovyo ataacha na watu. Nimelisikia hilo hata kwa mume wangu, akiwa na njaa. Mimi naona si kitu kimoja. Kitabu nikikifunga hakijui. Hakikai barazani Jumamosi kikigeuza sikio kila pikipiki inapopita barabarani. Kwa hiyo nilivumilia ile kesi ya shamba, nayo ikaendelea Jumamosi ya pili, na baba naye akaivumilia mashine yangu. Hatukuwa tumeyaweza maongezi. Tulikuwa tumekaa tu.

Kisha siku moja, nikiwa nafunga kanga niondoke, akasema, "Jumamosi ijayo usije."

Nilisimama pale. Nilijua inavyokuwa, maana hivyo ndivyo mimi mwenyewe ninavyofanya, bila kelele na bila ugomvi, nafunga tu. Nikaona ni zamu yangu kufungwa.

"Nimekukosea, baba?"

"Kila siku mgeni ni wewe. Ijayo nitakuja mimi."

Anayetoka mbali na kwetu hataelewa uzito wa neno hilo. Baba wa mwanamke haendi ovyo kule ng'ombe wake walikotoka. Anakwenda akiitwa, kwa jambo, anakaa anapokalishwa, na kulala kwa mkwe wake ndiyo kabisa, ni mwiko. Baba alikuwa amefika kwangu Kamunyonge mara moja tu, kwenye msiba wa mama mkwe. Alikaa uani chini ya turubai pamoja na wanaume wengine, akatoa rambirambi, akaondoka bila kuvuka mlango. Nilimwona kwa mbali kutoka jikoni, nikiwa na sufuria mkononi.

"Kwa mkwe, baba?" nikamuuliza.

"Kwani mkwe ataniua?"

Mdogo wangu alitoka Bunda alfajiri, akamfuata Butiama, akamleta kwa gari la abiria. Baba alishuka kwenye gari amevaa shati jeupe la kanisani na amebeba kibuyu cha maziwa mgando ambacho hakutaka mtu amsaidie. Mume wangu alimwamkia kwa heshima kubwa, akakaa kidogo kwenye ukingo wa kiti, halafu akakumbuka kwamba dukani kuna mteja. Hakukuwa na mteja yeyote, lakini sikumlaumu. Tulikula sato. Baba alikula vizuri.

Alipomaliza aliomba nimwonyeshe nyumba. Alitumia neno hilo hilo, nionyeshe. Nikamshika mkono wa kulia, wa kushoto akauweka ukutani, tukaanza kutembea. Aliuliza kama tofali ni za kuchoma au za saruji. Nikamwambia saruji. Akauliza rangi. Nikamwambia krimu, na kwamba pale kwenye swichi pameingia uchafu wa vidole, nikisugua hautoki. Chumbani kwa watoto akauliza ni mtoto gani analala upande gani, ingawa wote wameshakwenda kuanza maisha yao, nami nikamwambia walivyokuwa wakilala. Jikoni alipapasa rafu, akanyanyua kikombe, akakirudisha mahali pake. Miaka yote aliyokuwa na macho nyumba hii ilikuwa hapa, nami nilikuwa ndani yake. Amekuja kuiona sasa. Nilitaka kulia na nikaona aibu mbele ya mdogo wangu, nikaendelea kutaja vitu.

"Ziwa linaonekana?"

"Kipande tu. Kati ya bati la jirani na yale mawe makubwa."

"Wewe huwaga unakaa wapi?"

Nikampeleka kwenye kiti changu cha dirishani, kile ambacho mto wake umebonyea. Akakaa, akaweka mikono kwenye viegemeo vyake, akaniuliza yaliyopita katika nyumba hii tangu nilipoletwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilianza vibaya, nikarukaruka, nikaeleza ya juzi kabla ya ya mwanzo, nikataja mimba niliyoipoteza mwaka wa pili wa ndoa ambayo mama pekee ndiye aliyeijua. Hakuguna "mh." Hakusinzia. Nilipokwama alisubiri.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye kile kipande cha ziwa wakati mdogo wangu aliposimama mlangoni akitazama saa yake, akasema, "Baba, twende. Gari la mwisho litatuacha."

"Liache liende," baba akasema, akaniuliza atalala chumba gani.